Mahari na "Dowry": Uhakiki wa Tafsiri Moja

Katika madarasa yetu ya sekondari ni nadra kuikuta tafsiri inayopita kwa urahisi kuliko ile inayolifanya neno mahari kuwa sawa na neno la Kiingereza "dowry". Mwanafunzi akipewa sentensi isemayo, "Baba alipokea mahari ya ng'ombe kumi," ataandika "dowry" bila kusita. Mwalimu atampa alama zake, na kamusi ikifunguliwa itawaunga mkono wote wawili. Lakini sentensi hiyo ikisomwa na mtu aliyejifunza Kiingereza chake katika vitabu vya Uingereza, itamshangaza. Kwake yeye baba wa msichana ndiye anayetoa "dowry", hapokei kitu. Hivyo tafsiri ambayo sisi tumeiona kuwa sahihi inamfikishia msomaji huyo habari iliyo kinyume kabisa na ile tuliyotaka kumpa.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo: lilikotoka, maana yake huko kwao, namna lilivyoingia katika mazungumzo yetu ya ndoa, na madhara yaliyofuata. Hoja yetu ni kwamba neno la ndoa halifanani na kibandiko kinachoweza kubanduliwa na kubandikwa penginepo. Ndani yake mna habari ya nani anatoa, nani anapokea, mali ni ya nani, na kitu gani kinafungwa baina ya watu hao. Neno likikosewa, na habari hiyo hupotea. Na ikipotea, hapakosi mtu wa kuijaza nafasi kwa fikra nyingine, ambayo aghalabu ni fikra ya soko.

Asili na maana ya neno

Neno "dowry" lilifika katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha zamani, na mzizi wake ni neno la Kilatini "dos", ambalo lilikuwa na maana ya mali ambayo mwanamke alikwenda nayo kwa mumewe. Katika Rumi ya kale, na baadaye katika sehemu kubwa ya Ulaya, baba mwenye binti alipaswa kumwandalia fungu la mali: fedha, vyombo, mavazi, hata mashamba. Fungu hilo lilifuatana naye hadi nyumba ya mume. Ndiyo kusema kwamba mali ilielekea upande ule ule alioelekea bibi arusi.

Wanafunzi wa fasihi wanayo mifano ya jambo hili mikononi mwao. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo King Lear, mzee Lear anamnyima binti yake mdogo, Cordelia, fungu lake la ufalme kwa sababu amekataa kumsifu kwa maneno ya kujipendekeza. Wachumba wawili wapo barazani wakingoja. Mtawala wa Burgundy, mara asikiapo kwamba msichana hana tena mali ya kwenda nayo, anajitoa. Mfalme wa Ufaransa anamwoa hivyo hivyo, mikono mitupu. Mwanafunzi anayedhani "dowry" ni mahari hawezi kukielewa kisa hiki. Atajiuliza kwa nini mchumba akasirike kwa kuondolewa mzigo wa kulipa!

Hali kadhalika tamthilia ya Mabepari wa Venisi, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na ikatolewa mwaka 1969. Bassanio anatafuta fedha za kumwendea Portia, na rafiki yake Antonio anakopa kwa Shylock kwa ajili hiyo. Msomaji wa kwetu huweza kudhani kwamba fedha hizo ni za mahari. Sivyo. Ni fedha za safari na za kujipamba, ili kijana asiye na kitu apate kusimama mbele ya msichana tajiri kama mtu wa hadhi yake. Anapofaulu jaribio la masanduku, ni Portia ndiye anayejikabidhi kwake pamoja na nyumba, watumishi na mali yote. Katika ndoa hiyo Bassanio amekwenda na deni, akarudi na utajiri. Bila ya kujua mali ilielekea wapi katika ndoa za Ulaya ya zamani, dhihaka iliyomo katika tamthilia hiyo haionekani.

Tena mali hiyo haikuwa ya mke kwa namna tunavyoweza kudhani. Kwa sheria ya zamani ya Uingereza, mwanamke alipoolewa, vitu vyake vinavyohamishika vilikuwa vya mumewe, na ardhi yake ilikuwa chini ya usimamizi wa mume. Hali hiyo ilibadilishwa kwa hakika na sheria ya mwaka 1882 iliyompa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Tuikumbuke tarehe hiyo, maana tutaihitaji tutakapowasikiliza mahakimu wa kikoloni.

Kwa upande mwingine, India ilitunga sheria mwaka 1961 ya kupiga marufuku "dowry", kwa sababu familia za waume zilikuwa zikiwadai wazazi wa wasichana mali kubwa, na wake walioonekana kuleta kidogo waliteswa. Magazeti yetu yanapoandika habari hizo kwa kusema "mahari", msomaji wa Dodoma au Kisumu huelewa kwamba kijana wa Kihindi ameshindwa kutoa alichodaiwa. Mdai amegeuzwa mdaiwa. Hapo tafsiri mbaya imevuka mipaka ya darasa na imekuwa habari ya uongo, ingawa hapakuwa na mwenye nia ya kusema uongo.

Mambo matatu chini ya jina moja

Baada ya kuona kwamba "dowry" siyo mahari, hatuna budi kuuliza: mahari yenyewe ni nini? Hapa lawama haiwezi kutupwa yote kwa Mwingereza, kwa kuwa hata katika Kiswahili neno hili limebebeshwa mizigo isiyolingana.

Neno mahari limetoka katika Kiarabu, nalo limeingia pwani pamoja na sheria ya Kiislamu ya ndoa. Katika sheria hiyo mahari ni haki ya mke mwenyewe. Sura ya nne ya Kurani, aya ya nne, inaamuru kwamba wanawake wapewe mahari yao kuwa ni kipawa; haisemi wapewe baba zao. Mwanamke akiisha kupewa, ni mali yake, na mume hana ruhusa ya kuigusa bila ya ridhaa yake. Baba anayeichukua na kuitumia kana kwamba ni yake amemdhulumu binti yake. Hata katika khului, ambapo mke huomba kuachwa na huweza kurudisha alichopewa, anayerudisha ni yeye mwenyewe kwa kuwa yeye ndiye mwenyewe.

Watu wa pwani walijua vizuri tofauti hii, na ndiyo maana walikuwa na majina mengine kwa vitu vingine. Kilemba kilikuwa heshima ya baba au ya mjomba. Mkaja na ubeleko vilikuwa vya mama, navyo vimepewa majina ya nguo: ile anayojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua, na ile anayombebea mtoto mgongoni. Majina hayo yana maana nzito. Anayemkabidhi mama ubeleko anakiri kwamba msichana huyu alibebwa, alinyonyeshwa na alilelewa na mtu, na kwamba kazi hiyo inastahili shukrani. Hakuna anayeweza kudai kwamba kipande cha nguo ndiyo thamani ya miaka ya malezi. Ni alama, na kila mtu barazani anajua kuwa ni alama.

Bara mambo yalikuwa mengine. Kwa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, mali ya ndoa, hasa ng'ombe, ilitoka kwa ukoo wa mume ikaenda kwa ukoo wa mke. Wakikuyu huiita ruracio, Wanyankole huiita enjugano, na Wanyarwanda huiita inkwano. Mali hiyo haikuwa ya bibi arusi, wala kwa kweli haikuwa ya baba yake peke yake. Iligawanywa kwa wajomba na ndugu, na mara nyingi ng'ombe wale wale ndio waliomwezesha kaka wa msichana kuoa. Katika Rwanda palikuwa pia na indongoranyo, yaani ng'ombe ambaye ukoo wa mke uliwarudishia wanandoa baadaye. Kwa hiyo mali ilikwenda na kurudi, na njia yake ilikuwa ndiyo njia ya undugu. Koo mbili zilizokuwa hazijuani zilianza kutembeleana kwa sababu zilikuwa na ng'ombe wa kuulizana habari.

Tena kuna jamii zinazofuata ukoo wa mama, kama vile Wayao. Huko, kwa desturi ya zamani, kijana alihamia kwa wakwe zake na kujenga huko, na jasho lake shambani lilikuwa na uzito kuliko mali yoyote aliyoitoa. Watoto walikuwa wa ukoo wa mama yao, na kwa sababu hiyo hapakuwa na haja ya kutoa mali nyingi ili wahesabiwe kwa baba.

Basi tunayo mambo matatu: haki ya mke mwenyewe, heshima ya wazazi na walezi, na mali inayounganisha koo. Kiswahili cha leo kimeyaita yote mahari, na Kiingereza cha shule kimeyaita yote "dowry". Na jambo la kuchekesha ni kwamba kitu kinachostahili kweli jina la "dowry" tunacho, lakini hatukiiti hivyo. Wanyankole wana emihingiro, yaani vitu ambavyo wazazi humpa binti yao aende navyo kwa mumewe. Pwani nako wazazi wa bibi arusi wamezoea kumwandalia binti yao vyombo vya kuanzia maisha. Hivyo ndivyo vinavyofanana na fungu la Cordelia. Ng'ombe wa baba havifanani nalo hata kidogo.

Kutoka zawadi hadi bei

Waingereza wenyewe, walipofika huku wakaona mali ikitoka kwa mume kwenda kwa wazazi wa mke, walitambua kwamba neno lao "dowry" halitoshi. Wengine wakalitumia hivyo hivyo. Wengine wakaunda jina "bride-price", maana yake bei ya bibi arusi. Jina hilo lilikuwa hukumu, hata kabla ya kesi yoyote kusikilizwa.

Kesi nayo ilikuja. Mwaka 1917, katika mahakama kuu ya nchi ambayo sasa ni Kenya, ilisikilizwa kesi ya Amkeyo. Swali lilikuwa kama mwanamke aliyeolewa kwa mila angeweza kutoa ushahidi dhidi ya mshtakiwa aliyemwoa, au kama angepata kinga ile ile ambayo sheria ya Kiingereza ilimpa mke wa ndoa. Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba kinga hiyo haimhusu. Alisema kwamba kuutaja uhusiano huo kwa jina la ndoa ni kukosea jina. Kwa maoni yake jina lililoufaa zaidi ni ununuzi wa mke. Kwa neno moja tu, maelfu ya wanawake walioolewa mbele ya wazee, wakazaa na kulea, waliondolewa katika hesabu ya wake na kuhesabiwa miongoni mwa bidhaa.

Tujiulize jaji huyo alitazama kwa macho gani. Taifa lake lilikuwa limempa mke haki ya kumiliki mali yake miaka 35 tu kabla ya hukumu hiyo. Na kama angefungua sheria kongwe kabisa zilizoandikwa kwa Kiingereza, zile za Mfalme Æthelberht wa Kent za mwanzoni mwa karne ya 7, angekuta humo kanuni inayozungumzia mwanamume kumpata msichana kwa mali, na kitenzi kilichotumika ni kile cha kununua. Wanahistoria wa Uingereza wanapolikuta neno hilo katika kumbukumbu za babu zao huonya kwamba lisichukuliwe juu juu, kwa kuwa ununuzi wa zamani haukuwa sawasawa na ununuzi wa dukani. Onyo hilo ni zuri. Amkeyo na mkewe hawakulipata.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba si wageni wote waliokubaliana na jina hilo. Mwaka 1931 mtaalamu wa mila, E. E. Evans-Pritchard, aliandika kwamba neno "bei" linapotosha, kwa sababu linamfanya msomaji adhani kwamba mwanamke ananunuliwa. Akapendekeza neno "bridewealth", yaani mali ya ndoa. Wataalamu wengi walimfuata. Lakini vitabu vya wataalamu husomwa na wachache, na "bride-price" na "dowry" yakaendelea kutamalaki katika magazeti, katika mimbari na katika vyumba vya mitihani.

Neno likiingia katika sheria

Kuna atakayesema: "Lugha hubadilika. Kama watu wa Afrika ya Mashariki wamekubaliana kwamba 'dowry' ni mahari, basi hiyo ndiyo maana yake huku, na wala hatuhitaji ruhusa ya Shakespeare." Hoja hii ina nguvu, wala si ya kubezwa. Kwa hakika sheria zetu zenyewe zimeikubali maana hiyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ambayo maandishi yake ya asili ni ya Kiingereza, inatumia neno "dowry" inaposema kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake ni halali hata kama mila inayohusu mahari haikufuatwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inalifafanua neno hilo hilo kuwa ni mali inayotolewa au kuahidiwa kwa ajili ya ndoa inayokusudiwa, na inasema kwamba pale mahari inapotakiwa ili kuthibitisha ndoa ya mila, kiasi kidogo cha kuwa alama kinatosha.

Hatuna ugomvi na haki ya Waafrika kukipa Kiingereza maana zao. Ugomvi wetu ni na uvivu. Neno jipya linapopewa maana mpya kwa makusudi, kama ilivyofanya sheria ya Kenya, kila mtu anajua anachokisema. Lakini neno linapotumika kwa mazoea tu, linafunika maswali ambayo lilipaswa kuyafungua. Swali kubwa kuliko yote ni hili: mali hiyo ni ya nani, na ndoa ikivunjika inakwenda wapi?

Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilikuwa na kanuni nyingi kuhusu mahari na kurudishwa kwake katika talaka. Fikra ya kurudisha haikubuniwa na Wazungu. Katika mila nyingi ilikuwako, na ng'ombe walirudi kwa wenyewe koo zilipoachana. Lakini fikra hiyo ilipokutana na neno "bei", ikageuka sura. Kitu chenye bei hurudishwa dukani kikiwa na kasoro. Mwanamke anayepigwa na mumewe akikimbilia kwao, baba yake aliyekwisha kuwauza ng'ombe humwambia arudi, kwa kuwa hana cha kurudisha. Hapo binti amekuwa rehani ya deni asilolikopa.

Nchini Uganda jambo hili lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 mahakama hiyo iliamua kwamba kudai kurudishwa kwa mahari kama sharti la kuivunja ndoa ya mila ni kinyume cha katiba. Haikuipiga marufuku mahari yenyewe. Kwa uamuzi huo, mahakama ilitenganisha mambo mawili ambayo neno "bei" lilikuwa limeyafunga pamoja: kutoa kwa heshima, na kumiliki kwa malipo.

Nasi Watanzania tumefika katika njia panda ya namna hiyo, ingawa kwa mlango mwingine. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba kila sheria ya ndoa iliyoandikwa kwa Kiingereza hupita mikononi mwa mfasiri. Akilikuta neno "dowry" atandike nini? Akiandika mahari, je, Mwislamu wa Tanga aelewe haki ya mke, na Mkurya wa Tarime aelewe ng'ombe wa baba? Sheria moja ikisomwa kwa maana mbili, mmoja wa wasomaji wake atadhulumiwa. Kazi ya mfasiri huyo ni kazi ya utamaduni kama ilivyo kazi ya sheria, na wanaopaswa kumwandaa ni walimu wa leo.

Kujihakiki wenyewe

Tungekuwa tumefanya kazi nusu kama tungeishia kumlaumu Jaji Hamilton. Mhakiki mwaminifu huyasikiliza pia maneno ya watu wa nyumbani kwake. Tusikilize basi vitenzi tunavyovitumia. Zamani mahari ilitolewa, ilipelekwa, ilipokelewa. Siku hizi inalipwa, inadaiwa, inatozwa, inapunguzwa, na kuna wanaosema kwamba wamekatiwa bei. Mtu anayelipa hulipa deni au bidhaa. Na akiisha kulipa, hudai stakabadhi. Haya hatukulazimishwa na mkoloni kuyasema. Tumeyasema kwa Kiswahili chetu, kwenye mikeka yetu, mbele ya washenga wetu.

Vitenzi hivi havikuzuka hivi hivi. Fedha taslimu iliposhika mahali pa ng'ombe, kitu kilichokuwa kikigawanywa kwa ukoo mzima kiliweza kuingia mfukoni mwa mtu mmoja. Wako wazazi wanaohesabu karo ya shule ya binti yao, wakaiongeza katika mahari, kana kwamba elimu yake ilikuwa mtaji wa biashara. Mzazi wa namna hiyo akilaani neno "bride-price" kuwa ni tusi la wakoloni, tumwambie kwa heshima kwamba tusi hilo amelifanya kuwa kweli.

Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, iliyotoka mwaka 1958 na ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shujaa Okonkwo, ina tukio linalofaa kusomwa pamoja na makala haya. Wazee wa pande mbili wanapanga mahari ya msichana Akueke. Hawatamki hesabu kwa mdomo. Wanapeana fungu la vijiti. Upande mmoja unapunguza, wa pili unaongeza, mpaka wanakubaliana mifuko 20 ya kauri. Kisha mazungumzo yanageukia desturi za watu wengine, na mazoea ya jamii ambazo hupigania mahari kwa maneno kama watu wanaonunua mbuzi sokoni yanashutumiwa. Mwandishi ametumia neno "bride-price", lakini vitendo vya watu wake vinalikanusha neno hilo. Wale wazee walijua kwamba baina ya kupatana na kuuziana kuna mstari mwembamba, na ile adabu ya vijiti ndiyo iliyoulinda mstari huo. Ukimya wao ulikuwa na maana kuliko hesabu yao.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi katika mijadala ya mahari, na mara nyingi hutajwa na yule anayepokea. Lakini mila ni pamoja na ile adabu, ule mgawanyo kwa ukoo, na kule kurudisha ng'ombe kwa wanandoa. Anayeshika hesabu ya mahari na kuuacha undugu wake ameiacha mila, hata kama amevaa kanzu na kushika mkongojo.

Lifanywe nini darasani

Tunawapendekezea walimu mambo machache. Kwanza, mwanafunzi anapofasiri habari za mahari kwa Kiingereza, aliache neno lenyewe la Kiswahili, kisha alieleze kwa sentensi moja kulingana na habari iliyopo: kwamba ni haki ya mke, au ni heshima ya mzazi, au ni mali ya koo. Kiingereza kimekwisha kupokea maneno ya mataifa mengi. Hakitavunjika kwa kuongezewa moja.

Pili, neno "dowry" lihifadhiwe kwa pale panapolistahili: kwa Cordelia na Portia, kwa wasichana wa India, na kwa vyombo ambavyo mama wa Kiswahili humwandalia bintiye. Mwanafunzi akilijua vizuri katika mahali pake, hatalihamisha ovyo.

Tatu, yarudishwe darasani majina yanayopotea. Waulizwe wanafunzi kilemba ni cha nani, mkaja ni wa nani, ubeleko ni wa nani, na katika lugha za makwao vitu hivyo vinaitwaje. Wengi watalazimika kwenda kuwauliza nyanya zao, na hilo peke yake ni somo.

Nne, na hili ndilo kubwa, kila sentensi ya mahari ipimwe kwa maswali matatu mepesi: nani anatoa, nani anapokea, na bibi arusi yuko wapi katika sentensi hiyo? Tuirudie ile sentensi ya mwanzo: "Baba alipokea mahari ya ng'ombe kumi." Mtoaji hakutajwa. Mpokeaji ametajwa. Bibi arusi hayumo kabisa. Mwanafunzi akiyaona hayo kabla ya kuitafuta kamusi, atakuwa ameelewa jambo ambalo kamusi haiwezi kumfundisha. Huenda siku moja akakaa mkekani, akiwa mzazi au mshenga au yeye mwenyewe ndiye anayeposwa, na akauliza kwa sauti swali lile la tatu.